Nyonga Juu ya Kichwa: Tarikhi ya Kanuni za Mipinduko katika Ushangiliaji

Katika kitabu cha kanuni kitumikacho katika mashindano ya ushangiliaji huko Marekani imo fasili moja fupi ambayo juu yake zimejengwa hukumu nyingi: mpinduko ni kila tendo ambalo ndani yake nyonga hupita juu ya kichwa, pasipo mtendaji kubebwa na mwenziwe, nalo likaanzia sakafuni na kuishia sakafuni. Msomaji asiyeujua mchezo huu aghalabu huwaza wasichana waliosimama kandokando ya uwanja wa mpira wakipunga pompomu. Lakini ushangiliaji wa mashindano ni jambo jengine kabisa, kwani hapo hapana timu ya mpira ya kushangiliwa, bali kikosi chenyewe huingia juu ya mikeka iliyotandikwa kwa upana wa futi 54 na kina cha futi 42, na kwa muda wa dakika mbili na nusu hubebana, hurushana, huruka na kujipindua mbele ya majaji wanaotoa alama kwa ustadi na uzuri, na mbele ya waamuzi wengine ambao kazi yao si kuupima uzuri bali kuupima uhalali. Hao wa pili ndio ninaokusudia kuwazungumzia, pamoja na kanuni wanayoisimamia, kwa kuwa naitakidi kwamba hakuna awezaye kuifasiri kanuni ile kwa insafu mpaka awe ameijua tarikhi yake.

Asili ya ushangiliaji haikuwa na mpinduko hata mmoja. Tarehe 2 Novemba 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya umati wakati wa mchezo wa mpira, akauongoza kupaza sauti kwa pamoja, na tangu hapo kazi ya kuongoza sauti za watazamaji ikawa cheo cha kutamaniwa na vijana wa kiume wa vyuo. Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa Rais wa nchi hiyo, alikuwa miongoni mwa waliokishika alipokuwa katika chuo cha kijeshi cha West Point. Wanawake waliingia katika kazi hiyo huko Minnesota mwaka 1923, na ni katika miaka hiyohiyo ya 1920 ndipo washangiliaji wa chuo kile walipoanza kuchanganya sauti na sarakasi. Sababu yake si ngumu kuing'amua: mtu mmoja aliyesimama chini, mbele ya maelfu waliokaa juu, sauti yake haifiki mbali, bali mwili wake ukipinduka hewani huonekana hata na aliyeketi safu ya mwisho. Nchi nayo haikukosa mafundi wa kazi hiyo, kwani katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932, ambayo ndiyo pekee iliyopata kuwa na shindano la mipinduko ya sakafuni, nishani zote tatu zilichukuliwa na Wamarekani, ya dhahabu ikamwendea kijana Rowland Wolfe.

Kwa miaka mingi baada ya hapo elimu hii ilipita kwa mdomo na kwa macho, kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo, pasipo kitabu wala kaida. Vita Vikuu vya Pili viliwachukua wanaume kwenda mapiganoni, nao wasichana wakajaza nafasi zao kwa wingi uliobadili sura ya ushangiliaji moja kwa moja. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer, aliyekuwa kiongozi wa washangiliaji katika chuo kikuu cha Southern Methodist, alifungua kambi ya kwanza ya mafunzo huko Huntsville, Texas, wakahudhuria wasichana 52 na mvulana mmoja, na shirika alilolianzisha, National Cheerleaders Association, likaendelea kuzieneza kambi za namna hiyo katika majimbo mengine. Mmoja wa waliofanya kazi chini yake, Jeff Webb, alijitenga mwaka 1974 akaanzisha shirika lake, naye akaupeleka ushangiliaji upande wa sarakasi na kubebana kwa juu, upande ambao ulivutia sana macho ya watu wa televisheni. Na mwaka 1978 mashindano ya vyuo yakaonyeshwa nchi nzima.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipopinduka mambo. Mpinduko uliofanywa kwa ajili ya umati ulikuwa na kikomo chake cha asili, kwa sababu umati haujui tofauti kati ya kichwangomba chepesi na kizito, unapiga makofi kwa vyote viwili. Bali mpinduko unaofanywa mbele ya jaji mwenye karatasi ya alama hauna kikomo ila kile ambacho mwili utakikataa au kanuni itakikataza. Kila mwaka kikosi kilichoshindwa kilirudi na kitu kigumu zaidi kuliko kile kilichokishinda, na kwa kuwa kanuni ilikuwa bado haijaandikwa, ulikuwa ni mwili peke yake uliobaki na kazi ya kukataza.

Nao ulikataza. Katika miaka ile ya 1970 na 1980 vyumba vya mazoezi ya viungo katika shule nyingi vilikuwa vikifungwa kwa hofu ya kushtakiwa na kwa uzito wa malipo ya bima. Trampolini, ambayo chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliitaka iondolewe mashuleni tangu mwaka 1977, ilitoweka polepole, na vijana waliokuwa wakijifunza mipinduko juu ya mikeka mizito chini ya walimu wa fani hiyo wakahamia katika ushangiliaji, ambako mara nyingi msimamizi alikuwa mwalimu wa somo la darasani aliyekubali kujitolea, na sakafu ilikuwa ile ya mbao ya uwanja wa mpira wa kikapu. Mwaka 1986 vyuo viwili vilipatwa na misiba: katika kimoja mshangiliaji alianguka kutoka kwenye piramidi ya watu akafariki, na katika kingine mwenziwe akapooza kwa ajali ya mazoezini. Vyuo vikaitikia kwa marufuku, piramidi zikapunguzwa kimo, vitrampolini vidogo vya kurukia vikaondolewa. Na mwishoni mwa muongo huo kikaundwa chama cha makocha na wasimamizi wa ushangiliaji, AACCA, kilichojitwika jukumu la kuandika mwongozo wa usalama na kuwapa walimu shahada baada ya kuwatahini.

Walakini marufuku ya jumla hayakutosha, na takwimu zimeshuhudia hivyo. Tamko la madaktari wa watoto lililotolewa mwaka 2012 lilionyesha kuwa ziara za hospitali kwa sababu ya majeraha ya ushangiliaji zilikuwa 4,954 mwaka 1980 na zikafika 26,786 mwaka 2007. Ni kweli kwamba washiriki nao waliongezeka, na haitakuwa haki kuitaja hesabu hiyo bila ya kulisema hilo. Lakini tamko lilelile lilieleza kuwa, miongoni mwa wasichana wanamichezo wa shule za sekondari, ushangiliaji ulichangia takriban asilimia 65 ya majeraha yale makubwa kabisa, ya shingo, ya uti wa mgongo na ya kichwa. Hili ni jambo zito, na mtu yeyote atakayeufungua ule ukurasa wa kanuni za mipinduko akaona masharti yaliyopangana sharti juu ya sharti, asiwadhanie waandishi wake kuwa ni watu wapendao kubana.

Wakati huohuo palikuwa pamezuka ushangiliaji wa aina mpya, ule wa vikosi visivyofungamana na shule yoyote, vinavyofanya mazoezi katika majumba ya watu binafsi juu ya sakafu zilizowekewa springi chini yake. Mashirika ya kuandaa mashindano yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa na kanuni zake, hata kikosi kilichoandaa onyesho moja kililazimika kulirekebisha kila kilipohama kutoka shindano hadi shindano. Ili kuondoa fujo hiyo liliundwa mwaka 2003 shirikisho la USASF, na mwaka uliofuata, 2004, mashindano ya kwanza ya dunia ya vikosi hivyo yakafanyika Orlando, Florida. Kazi kubwa ya shirikisho hilo, tena yenye kudumu kuliko vikombe vyote lililovitoa, ni kuipanga mipinduko kwa madaraja.

Madaraja hayo yastahiki kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mna fikra iliyokomaa. Katika daraja la kwanza mtoto haruhusiwi kuiacha sakafu: wakati wote wa kujipindua sharti mkono, au mguu, au kiungo chengine kiwe kimegusa chini, hivyo anaweza kujiviringisha mbele na nyuma, na kujipindua polepole mguu mmoja ukimfuata mwenziwe, na kupiga gurudumu, na kuipiga raundofu, yaani gurudumu la kutua kwa miguu miwili pamoja, ambayo imesamehewa kwa jina lake ingawa humwinua mtendaji kidogo. Katika daraja la pili huongezwa hendispringi, ambamo mwili hupita hewani lakini mikono hupokea uzito kabla ya miguu. Katika la tatu kichwangomba huingia kwa mara ya kwanza, mwili ukapinduka pasipo mikono kugusa chini. Na kile cha nyuma sharti kiwe cha kujikunja, tena kitokane na raundofu au raundofu ikifuatwa na hendispringi. Katika la nne mtendaji aweza kukipiga kichwangomba kutoka kusimama, na kuunyoosha mwili, ila asijisokote. Katika la tano msokoto mmoja, na katika la sita misokoto miwili ndani ya kichwangomba kimoja, na hapo mlango umefungwa. Hesabu hii ya madaraja ndiyo iliyotumika tangu msimu wa 2019 na 2020, daraja la juu kabisa likiwa la saba. Kabla ya hapo lile ambalo leo huitwa la sita lilikuwa likiitwa la tano, jambo ambalo bado huwapotosha wanaosoma matokeo ya miaka ya nyuma.

Mtu akisikia mpango huo atadhani kwamba kazi ya mwamuzi ni nyepesi, amtazame mtoto, alitambue daraja lake, aseme halali au haramu. Sivyo. Tuchukue mfano wa msichana wa daraja la tatu aliyetoka pembeni mwa mkeka: amekimbia, amepiga raundofu, amefuatisha hendispringi, amejikunja hewani katika kichwangomba, na ametua kwa miguu miwili, lakini kasi yake haijakwisha na inambeba nyuma. Kanuni inasema kuwa baada ya kichwangomba hakuna mpinduko mwengine unaoruhusiwa katika mfuatano huo, ila akipiga angalau hatua moja ya kuutenga ule wa kwanza na wa pili. Je, akirukaruka mara moja papo hapo kisha akajiviringisha, ruko lile ni hatua? Je, akitua mguu mmoja ukitangulia mwengine kwa kukosa mizani, ametenga? Mwamuzi aliye makini hayajibu maswali haya kwa kuipima miguu peke yake, bali kwa kuuliza ile hatua iliwekwa ili ifanye nini. Nami naona jawabu lake ni wazi, kwamba iliwekwa ili kasi ya kichwangomba iishe na mtoto aushike mwili wake kabla ya kuupindua tena, na hatua ambayo imebebwa na kasi ileile haijaishusha kasi hiyo hata kidogo.

Mfano mwengine umo katika fasili ya kusimama na kukimbia. Kitabu kinasema kuwa mpinduko wa kusimama ni ule unaofanywa pasipo kasi ya mbele iliyotangulia, kisha kinaongeza kuwa hatua za kwenda nyuma, hata zikiwa ngapi, hazimtoi mtendaji katika hali ya kusimama. Mwenye kusoma kwa juujuu ataona ajabu kwamba mtu aliyepiga hatua tano bado huhesabiwa kuwa amesimama. Lakini aliyewahi kuwaona watoto wakijifunza hendispringi ya nyuma anajua kwamba wengi hurudi nyuma kidogo kwa woga au kwa kutafuta mizani, na hatua hizo haziwapi nguvu yoyote ya maana, ilhali hatua moja tu ya mbele ikifuatwa na raundofu humpa mtu nguvu ya kumrusha juu ya kichwa cha mwenziwe. Kanuni haikuhesabu hatua, ilihesabu nguvu.

Ndivyo pia katika daraja la pili, ambapo hendispringi mbili mfululizo kutoka kusimama zimekatazwa, lakini kujipindua nyuma polepole kwa mguu mmoja mmoja kisha kuunganisha na hendispringi kumeruhusiwa kwa maneno ya wazi, na mruko wa kutanua miguu hewani ukiunganishwa papo hapo na hendispringi umekatazwa kwa maneno ya wazi vilevile. Anayezisoma hukumu hizi tatu kila moja peke yake ataziona kama zinagombana. Anayezisoma pamoja ataona kuwa zote zinachunga kitu kimoja, nacho ni namna mwili unavyoingia katika ule mgeuko wa kwanza wa kwenda hewani, kama umeingia kwa utulivu au umeingia ukiwa umeshatupwa. Wanavyuoni wetu wa sheria ya Kiislamu walikuwa na mwendo huohuo: walianza na nassi, yaani andiko lenyewe, wakaipa haki yake neno kwa neno, kisha yanapozuka mambo ambayo nassi haikuyataja wakaitafuta ila, yaani sababu, iliyoifanya hukumu iwekwe, wakapimia juu yake, na yule aliyeishika nassi akaiacha ila, au aliyeishika ila akaidharau nassi, wote wawili hawakuhesabiwa kuwa mafakihi.

Nasema haya kwa sababu katika mashindano ya vikosi hivi pamekuwa na walimu wenye akili nyingi ambao wameitumia akili hiyo kuzitafuta nyufa za kanuni. Mtoto ambaye hajaweza kitu cha daraja lake hubuniwa kitu chengine kilicho karibu nacho, ambacho kitabu hakikukitaja kwa jina, kisha hujengewa hoja kwamba kisichotajwa kimehalalishwa. Katika michezo ya viungo ya kimataifa ubunifu una heshima yake, kwa kuwa mwenye kuvumbua tendo jipya akalifanya mbele ya majaji wa mashindano makubwa jina lake hupewa tendo hilo katika kitabu cha alama. Henrietta Ónodi wa Hungary, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1992, alipata heshima hiyo, na jina lake limeingia hata katika kanuni za ushangiliaji, ambapo Onodi hutajwa kuwa tendo lililoruhusiwa katika daraja la nne. Lakini yeye alikuwa mtu mzima katika fani yake, aliyeandaliwa kwa miaka. Mtoto wa daraja la pili anayeazimwa tendo lisilo na jina hakuvumbua kitu, amevumbuliwa yeye.

Nje ya majumba hayo ya mazoezi, vyuo navyo viliendelea kufundishwa na ajali. Mwezi Machi 2006, katika mashindano ya mpira wa kikapu huko St. Louis, mshangiliaji wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois alianguka kwa kichwa kutoka kwenye piramidi juu ya sakafu ya mbao, na alipokuwa akitolewa uwanjani juu ya machela, shingo imefungwa, bendi ikapiga wimbo wa chuo chake naye akauitikia kwa mikono mpaka akatoweka machoni pa watu. Wengi waliusifu ujasiri wake, na ulistahili sifa. Lakini wenye dhamana waliangalia pia sakafu ile. Vitendo kadhaa vya kurushana na kupandana vilipigwa marufuku mahali pasipo na mikeka, na shirika la michezo ya vyuo, NCAA, likaliweka sharti la bima kwamba kila kikosi kisimamiwe na mwalimu aliyepata shahada ya usalama na kifuate miongozo ya AACCA.

Mahakama nayo ilikuwa na neno. Mwaka 2010, katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Quinnipiac, Jaji Stefan Underhill aliamua kuwa ushangiliaji wa mashindano ulikuwa bado haujakomaa wala kupangika kiasi cha kuhesabiwa kuwa mchezo kwa maana ya sheria ya usawa wa wanawake katika elimu, na mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Wapenzi wa ushangiliaji walichukizwa mno. Mimi naona jaji alikuwa amegusa mahali penyewe, kwa kuwa miongoni mwa mambo aliyoyaona yamepungua ni kanuni moja yenye kuwafunga wote, na mchezo usiokuwa na kanuni moja hauna namna ya kumlinda mchezaji wake wala ya kumpa haki aliyeshinda. Tangu hapo hatua zimepigwa: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua kwa muda jumuiya ya dunia ya ushangiliaji mwishoni mwa mwaka 2016, ikaitambua kikamilifu mwezi Julai 2021 katika kikao chake cha Tokyo.

Kanuni inapokwenda katika nchi nyingi na lugha nyingi, kazi ya kuifasiri huzidi uzito, maana mwamuzi wa nchi ya mbali hakuiona ile miaka ya mbao na trampolini, amepokea maneno tu. Kwa hiyo nawasihi walimu wote watakaoichukua kanuni hii, na hasa wale wanaoanza kuufundisha mchezo mahali ambapo haujazoeleka, wasiingie msimu na tendo lenye shaka: tendo hilo lipigwe picha mwanzoni mwa mazoezi, lipelekwe kwa wenye mamlaka ya kutoa fatwa, lisubiriwe jawabu, na likikataliwa liachwe bila ya manung'uniko. Na mwamuzi akiwa mbele ya mkeka asihukumu kwa nia ya mtoto, ambayo hana jicho la kuiona, wala kwa ahadi ya mwalimu, bali kwa lile ambalo mwili umelifanya na namna ulivyotua.